Gego la Miaka Sita: Historia Fupi ya Kuangalia Meno ya Watoto Nairobi

  

Leo nina ombi kabla hatujaanza. Mwite mtoto wako aliye na umri wa kati ya miaka 5 na 8. Msimamishe mahali penye mwanga, mwambie afungue kinywa kama anayesema "aaa", kisha uangalie meno ya chini, upande mmoja tu. Anza kuhesabu kutoka katikati ukienda nyuma. Utapata meno mawili ya mbele, kisha chonge, kisha magego mawili. Hayo ni matano. Sasa angalia nyuma ya hilo la tano. Je, kuna jino la sita, pana na lenye mabonde juu yake, kubwa kuliko mengine yote?

Kama lipo, umekutana na jino tutakalolizungumzia leo. Linaitwa gego la miaka sita, kwa sababu huota mtoto anapokaribia au anapotimiza miaka 6. Huja bila kelele. Halisubiri jino lolote ling'oke, bali huota nyuma kabisa, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Kwa sababu hiyo wazazi wengi hawajui limekuja. Na hata wakiliona, hudhani ni jino la utotoni. Likianza kutoboka husema, "Wacha tu, litang'oka, lingine litaota."

Mama, hilo halitaota lingine. Gego hilo ni la kudumu. Mtoto akilipoteza akiwa na miaka 9, amelipoteza hadi uzeeni.

Leo nataka nikueleze historia ya jino hili na ya meno ya watoto katika mji wetu wa Nairobi, ili ujue kwa nini ni vizuri meno ya mtoto yaangaliwe mapema, na ni nani utakayemwendea.

Mwaka mmoja, mambo mawili

Mwaka 1899, mwezi wa Mei, reli iliyotoka Mombasa ilifika mahali pa chepechepe ambapo Wamaasai walinywesha ng'ombe wao. Wajenzi wa reli wakapiga kambi. Kambi hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Nairobi.

Mwaka huohuo wa 1899, mbali sana na hapa, daktari wa meno wa Marekani aliyeitwa Edward Angle alichapisha makala ambayo madaktari wa meno duniani kote husoma habari zake mpaka leo. Kabla yake, madaktari walijua kwamba meno mengine yamepinda na mengine yamesongamana. Mfaransa Pierre Fauchard alikuwa ameandika kitabu juu ya tiba ya meno mwaka 1728, na ndani yake alieleza namna ya kunyoosha meno kwa kipande cha chuma na nyuzi. Lakini kila daktari alieleza tatizo kwa maneno yake mwenyewe. Angle akasema kwamba tuwe na kipimo kimoja.

Je, alichagua jino gani liwe kipimo? Alichagua gego la miaka sita. Alisema ukitaka kujua kama mataya mawili yamekutana vizuri, tazama jinsi gego hilo la juu linavyokalia lile la chini. Likikaa mahali pake, hilo ni kundi la kwanza. La chini likirudi nyuma kupita kiasi, hilo ni kundi la pili. Likienda mbele kupita kiasi, hilo ni kundi la tatu. Zaidi ya miaka 120 imepita, na daktari atakayemwangalia mtoto wako leo bado atatumia makundi hayo matatu.

Kwa hiyo lile jino unalodhani litang'oka tu, ndilo daktari huyo alilolifanya kama jiwe la pembeni la nyumba. Likiharibika, kuta zote huyumba.

Kabla ya daktari, meno yalikuwa na maana yake

Tusidhani kwamba wazee wetu hawakujali meno mpaka reli ilipofika. Walijali sana, ila kwa namna yao.

Wajaluo wa zamani waling'oa meno sita ya mbele ya chini ya kijana kama alama ya kukomaa na ya kabila. Wamaasai waliondoa mawili ya katikati ya chini. Ukiwauliza wazee sababu, wengi hutaja ugonjwa wa pepopunda, ule unaokaza taya mpaka mgonjwa hawezi kufungua kinywa. Pengo lile lilikuwa njia ya kumpitishia maziwa au uji. Wakati ambapo hapakuwa na chanjo, mtu mwenye pengo aliweza kulishwa. Leo mtoto huchanjwa dhidi ya pepopunda, na mama mjamzito pia huchanjwa. Sababu ile imeondoka, na mila yenyewe imefifia sana.

Tena kuna mwanya. Mwanya kati ya meno mawili ya mbele ya juu, kwetu Afrika Mashariki, ni uzuri. Wasichana wamesifiwa kwa mwanya tangu zamani. Katika vitabu vya madaktari wa ng'ambo, mwanya huohuo uliandikwa kama kasoro ya kuzibwa.

Nakuambia haya kwa sababu moja. Si kila kinachotofautiana na picha ya kitabuni ni ugonjwa. Angle mwenyewe, katika kazi zake za mwanzo, alichukua sanamu ya kale ya mungu Apollo kuwa mfano wa uso uliopangika vizuri. Hiyo ni sanamu ya mtu wa Ulaya. Uso wa mtoto wa Dagoretti haukuumbwa kufuata sanamu hiyo.

Mwaka 1989, daktari Sunil Kapila alichapisha vipimo vya nyuso za watoto wa Kikuyu katika jarida la kitaalamu ambalo, kwa bahati, limepewa jina la Angle. Vipimo hivyo vilionyesha kwamba meno ya mbele ya watoto hao kwa kawaida huelekea mbele kuliko ya watoto wa Kizungu. Huo ndio umbo lao, na ni afya. Kwa hiyo daktari mzuri wa Nairobi hapimi mtoto wetu kwa kipimo cha mtoto wa mwingine. Na wewe, mama, usimwonee haya mtoto kwa sababu midomo yake imejaa. Mtazame babu yake kwanza.

Mji uliogawanywa, na shule iliyofunguliwa

Nairobi ya wakoloni ilikuwa mji wa mafungu. Mzungu alikuwa na mahali pake, Mhindi pake, Mwafrika pake, na hospitali zikafuata mgawanyo huohuo. Hospitali ya Wenyeji ilianzishwa mwaka 1901. Mwaka 1952 ikapewa jina la Mfalme George wa Sita, na baada ya Uhuru ikawa Hospitali Kuu ya Kenyatta. Hospitali ya Wazungu, ambayo sasa ni Nairobi Hospital, ilifunguliwa mwaka 1954, mwendo mfupi tu kutoka ile ya kwanza. Utunzaji wa meno kwa mtoto wa Kiafrika, mara nyingi, ulimaanisha koleo. Jino likiuma, ling'olewe. Kupanga meno ya mtoto halikuwa jambo la kufikiriwa.

Hata baada ya Uhuru, Mkenya aliyetaka kuwa daktari wa meno alilazimika kwenda kusoma ng'ambo. Mabadiliko yalikuja mwaka 1974, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanza kufundisha shahada ya udaktari wa meno hapahapa nyumbani. Mwaka 1978 sheria ya kusajili madaktari na madaktari wa meno ikaanza kutumika, ili mwananchi ajue nani amesoma na nani anajifanya.

Leo, ukipanda matatu za 46 kutoka mjini kwenda Kawangware kupitia Hurlingham, unapita karibu na hospitali ya meno ya chuo hicho, iliyo katika barabara ya Argwings Kodhek. Humo wanafunzi hutibu wakisimamiwa na walimu wao. Na upande wa State House kuna kliniki ya meno ya Lady Northey, ambayo kwa miaka mingi watoto wa mji huu wamepelekwa. Jina lake linatukumbusha mke wa gavana Edward Northey, aliyetawala kati ya 1919 na 1922. Jina ni la wakati wa ukoloni, lakini kiti cha daktari sasa ni cha mtoto yeyote.

Watoto 221

Shule ilipokuwa na walimu, walimu wakaanza kuuliza maswali. Meno ya watoto wa Nairobi yako vipi hasa? Mpaka hapo kila mtu alikuwa akitaja takwimu za Ulaya na Marekani.

Mwaka 1995, watafiti Kabue, Moracha na Ng'ang'a walichapisha matokeo yao katika jarida la madaktari wa Afrika Mashariki. Walikuwa wamewaangalia watoto 221 wa Nairobi wenye umri wa miaka 3 hadi 6. Hawa ni watoto wa shule ya chekechea, wenye meno ya utotoni. Waligundua kwamba 51 katika kila watoto 100 walikuwa na dalili fulani ya meno kutokutana vizuri. Walichunguza pia tabia za kinywa, kama vile kunyonya kidole.

Mwaka uliofuata, 1996, Ng'ang'a na wenzake walichapisha utafiti mwingine, wa watoto 919 wa Nairobi wenye umri wa miaka 13 hadi 15. Hapo, 72 katika kila 100 walikuwa na kasoro ya namna fulani, hasa meno kusongamana na meno kujipinda.

Ukisikia hivyo unaweza kushtuka na kusema, "Basi wote wafungwe waya!" Tulia kidogo. Watafiti haohao walipouliza ni wangapi wanaohitaji matibabu kweli, idadi ilishuka hadi chini ya theluthi moja. Hao wengine walikuwa na kasoro ndogo ambazo mtu huishi nazo na kutafuna vizuri mpaka anazeeka.

Kwa hiyo tafiti hizi mbili zina funzo lenye pande mbili. Upande mmoja, matatizo huanza mapema, hata kabla ya darasa la kwanza. Upande wa pili, wengi hawahitaji waya. Mtu wa kukuambia mtoto wako yuko upande gani ni daktari aliyemwangalia kinywani. Jirani hawezi kukuambia, na tangazo la barabarani haliwezi.

"Meno ya plastiki" hayapo

Mama, hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu jambo hili limeua watoto.

Mtoto wa miezi 5 au 6 anaharisha, ana joto, analia. Mtu anamfungua kinywa, anaona uvimbe mweupe kwenye fizi mahali pa chonge, anasema, "Huyu ana meno ya plastiki. Lazima yatolewe." Tanzania huitwa meno ya nailoni. Uganda huitwa ebino. Mtu huyo anachukua kisu, sindano ya baiskeli au kucha, na kuchimbua.

Kinachochimbuliwa ni nini? Ni chonge ya utotoni ambayo bado haijaota. Ni laini kwa sababu haijakomaa, ndiyo maana inafanana na plastiki. Kila mtoto mwenye afya anao uvimbe huo.

Mila hii imeandikwa na wataalamu kwa muda mrefu. Mwaka 1969 daktari Pindborg wa Denmark aliandika juu yake baada ya kuwaona Waacholi wa kaskazini mwa Uganda. Hapa Kenya, mwaka 1995, Hassanali na wenzake walichapisha habari za Wamaasai wa vijijini. Katika watoto wa miezi 6 hadi miaka 2 waliowaangalia, 87 katika kila 100 walikuwa wametolewa chonge moja au zaidi. Na kwa kuwa watu huhama na mawazo yao, usidhani kwamba ushauri huo hauwezi kukufikia ukiwa Kangemi au Kawangware. Unaweza kuupata kwa mtu anayekupenda kabisa, hata mama mkwe.

Madhara ni ya aina mbili. Ya kwanza ni ya leo: damu nyingi, vidonda vinavyooza, pepopunda, na maambukizi ya virusi vya ukimwi kwa chombo kilichotumika kwa mtoto mwingine. Na wakati watu wanashughulika na fizi, ule ugonjwa wenyewe wa kuharisha unaendelea kummaliza mtoto maji. Ya pili huonekana miaka 10 baadaye. Chini ya chonge ya utotoni kuna chonge ya kudumu inayojengwa. Kisu kikifika huko, chonge hiyo huota ikiwa na kilema, au haioti kabisa. Meno ya jirani huhama kuingia kwenye pengo, na mstari wa katikati ya kinywa hupinda. Madaktari wanaopanga meno wanapokutana na kinywa kama hicho, kazi huwa ngumu na ya gharama.

Mtoto akiharisha, mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, yaani ORS, endelea kumnyonyesha, na umkimbize kliniki, ambako atapewa pia dawa ya zinki. Fizi zake ziache kama zilivyo. Na mama mkwe umjibu kwa heshima: "Asante mama, lakini tuanze kwanza na daktari."

Kwa nini miaka 7?

Chama cha madaktari wa kupanga meno cha Marekani hushauri kwamba mtoto aangaliwe mpangilio wa meno yake asizidi miaka 7. Je, kwa nini wakachagua miaka 7? Kwa nini isiwe 12, wakati meno yote ya utotoni yameng'oka?

Jibu linaturudisha kwa gego letu. Mtoto wa miaka 7, kwa kawaida, amekwisha ota magego manne ya miaka sita, na meno ya kudumu ya mbele yameanza kutokea. Nguzo za nyuma zipo, mlango wa mbele upo. Daktari anaweza kutazama na kujua nyumba inaelekea wapi, huku mifupa ya taya ikiwa bado inakua na inaweza kuongozwa. Kinywa kikiwa na shida, bado kuna muda. Kikiwa hakina, unarudi nyumbani na amani yako.

Lakini tafadhali usichanganye mambo mawili. Kuangalia mapema si kutibu mapema. Mwaka 2013 watafiti walikusanya majaribio yaliyofanywa kwa watoto ambao meno yao ya mbele ya juu yametokeza. Waliona kwamba watoto waliofungwa vifaa mapema walipata faida moja kubwa: walivunja meno ya mbele mara chache zaidi walipoanguka. Zaidi ya hapo, mwisho wao haukutofautiana na wa watoto waliosubiri mpaka wakabalehe. Kwa hiyo daktari akikuambia, "Tumwone tena baada ya mwaka mmoja," usidhani amekudharau. Huenda hilo ndilo jibu bora, na halina gharama ya waya.

Mambo sita ya kuangalia nyumbani

Huhitaji mashine. Unahitaji mwanga, mikono safi na dakika mbili kila mwezi.

Kwanza, jino la utotoni lililong'oka au kung'olewa mapema kwa kuoza. Meno ya utotoni huyashikia nafasi yale ya kudumu. Magego ya utotoni hukaa mpaka mtoto anapofika miaka 10 hadi 12. Likitoka akiwa na miaka 5, gego la miaka sita huteleza mbele na kuziba nafasi, na jino lililokuwa lije hukosa mahali. Uliza daktari kama mtoto anahitaji kifaa kidogo cha kushikia nafasi.

Pili, kunyonya kidole. Kwa mtoto mchanga ni kawaida, na wengi huacha wenyewe kati ya miaka 2 na 4. Akiendelea mpaka meno ya kudumu ya mbele yaanze kuota, meno ya juu husukumwa nje, na akifunga kinywa hubaki tundu mbele. Usimpake pilipili wala usimchape. Msifu siku aliyoshinda bila kunyonya, na mpe kitu cha kushika mkononi anapolala. Akiacha mapema, mara nyingi tundu hujifunga lenyewe.

Tatu, meno ya mbele ya juu yaliyokaa nyuma ya yale ya chini akiuma. Kwa kawaida ya juu hukaa mbele, kama kifuniko cha sufuria. Hali hii ni mojawapo ya zile ambazo daktari hupenda kuziona mapema.

Nne, taya linalohamia upande mtoto anapofunga kinywa. Mwambie aume polepole huku ukitazama kidevu. Kikikimbilia kulia au kushoto, mpeleke aangaliwe.

Tano, kupumua kwa mdomo usiku na mchana, na kukoroma, hata wakati hana mafua. Huenda pua au koo limeziba. Mwambie daktari.

Sita, jino la kudumu kuota nyuma ya la utotoni ambalo halijang'oka, likawa kama safu mbili. Hili huwatisha wazazi wengi. Mara nyingi lile la utotoni hulegea na kutoka ndani ya miezi michache, na ulimi husukuma lile jipya mbele. Likikataa kulegea, mwone daktari.

Na neno moja la kukutuliza moyo. Mtoto wa miaka 4 mwenye nafasi kati ya meno yake ya utotoni hana kasoro. Nafasi hizo ni akiba. Meno ya kudumu ya mbele ni mapana zaidi, na yatahitaji mahali.

Utakwenda wapi, na utauliza nini?

Usisubiri miaka 7 ndipo mtoto amwone daktari wa meno kwa mara ya kwanza. Mara ya kwanza inafaa iwe anapotimiza mwaka mmoja, au jino la kwanza linapoota. Unapompeleka kliniki kwa chanjo au kupimwa uzani, mwombe muuguzi amwangalie kinywa. Akiona jambo, atakuelekeza.

Kama uko upande wa magharibi mwa mji, kuanzia Kangemi na Kawangware mpaka Dagoretti, anza na kituo cha afya kilicho karibu nawe. Wenye uwezo wa kliniki za kibinafsi za Westlands, Lavington au katikati ya mji, uliza kwanza kama daktari huyo amesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno nchini. Hilo ni haki yako, na daktari wa kweli hakasiriki akiulizwa. Waya haifungwi saluni, wala haifungwi na fundi anayekuja nyumbani.

Ukiketi mbele ya daktari, uliza maswali haya manne. Je, kuna tatizo, na linaitwaje kwa maneno ninayoelewa? Tusipofanya lolote kwa mwaka mmoja, nini kitatokea? Tukitibu, itachukua muda gani na tutarudi mara ngapi? Gharama yote ni kiasi gani, pamoja na picha za eksirei na marekebisho? Kuhusu bima, kumbuka kwamba SHA ilichukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024. Uliza kabla ya kuanza nini kinalipwa na nini utalipa mwenyewe. Waya iliyofungwa ikaachwa katikati kwa kukosa nauli au pesa inaweza kuharibu meno kuliko kutokuwa na waya.

Na hakuna waya inayoweza kuokoa jino lililooza. Mswaki mara mbili kwa siku na dawa ya meno yenye floraidi: kiasi cha punje ya mchele kwa mtoto wa chini ya miaka 3, na kiasi cha punje ya njegere kwa mkubwa zaidi. Mpige mswaki wewe mwenyewe mpaka afike miaka 7 au 8, kwa sababu mkono wake bado hauwezi kufika kule nyuma. Na kule nyuma ndiko kuna gego la miaka sita.

Mambo ya kukumbuka

Gego la miaka sita ni la kudumu. Halina mrithi.
Jino la utotoni hutunza nafasi ya mwenzake. Litibiwe, lisipuuzwe.
"Meno ya plastiki" hayapo. Mtoto anayeharisha anahitaji maji na kliniki.
Aangaliwe mpangilio wa meno asizidi miaka 7. Kuangaliwa si lazima kufungwa waya.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

Je, nyumbani kwenu wazee walisema nini kuhusu meno ya watoto? Lipi kati ya hayo bado lina faida, na lipi limepitwa na wakati?
Ukimwona jirani akielekea kwa mtu wa kutoa "meno ya plastiki", utamwambia nini bila kumwaibisha?
Ni nani katika kikundi chenu ana mtoto wa miaka 6 au 7 ambaye hajawahi kuangaliwa meno? Mnaweza kwenda pamoja lini?

 Mtoto uliyemwita mwanzoni bado amesimama hapo na kinywa wazi. Mwambie sasa anaweza kufunga. Kisha mkumbushe kwamba leo usiku mtapiga mswaki pamoja, mpaka lile la nyuma kabisa. Kwaheri kwa sasa.